Kumi kwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa ubao! Si wa kukatia vitunguu. Ubao wa matokeo. Mkurugenzi wa redio ameniita ofisini asubuhi, akasema kwa kuwa mimi ndiye seremala wa ukumbi, basi niutengeneze mwenyewe, na siku ya mashindano nisimame jukwaani kutundika nambari. Mbele ya kamera! Nchi kumi na moja zitauona uso wangu. Nilitoka mle ofisini nikajigonga kwenye mlango, na mlango wenyewe niliutengeneza mimi.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Haya ni Mashindano ya Wimbo wa Mataifa, awamu ya tatu, na safari hii wenyeji ni sisi. Awamu ya kwanza siikumbuki. Awamu ya pili waamuzi walipiga kura kwa kunyoosha mikono, wenyeji wakanyoosha mpaka ya wapishi, wakashinda nyumbani kwao. Wageni walinuna. Wengine waliondoka bila kuaga. Ndiyo maana mwaka huu kuna utaratibu mpya wa nambari. Utaelezwa kesho kwenye mkutano.

Na anayetuimbia ni nani? Shemeji yangu! Msichana huyu ni mdogo wa mke wangu, tunakaa naye hapa hapa, chumba cha uani. Kazi yake ni kupiga pasi kwa dobi. Mkurugenzi amemwahidi mbele ya watu: akitokea katika watatu wa kwanza, anaajiriwa bendi ya redio, kazi ya kudumu. Akikosa, Jumatatu ijayo anarudi kwenye pasi. Ule mvuke unamla koo. Mwezi uliopita alikaa wiki nzima hana sauti, anatuomba chumvi kwa ishara, na daktari akamwambia wazi achague: kupiga pasi au kuimba. Hawezi vyote viwili.

Mke wangu hana raha. Ameniomba jambo moja tu, nisifanye chochote. Nimemwahidi. Lakini mtu mwenye akili zangu anakaaje mikono mitupu wakati shemeji yake yuko hatarini?

Kero ni Fundi Taa. Huyu ndiye anayewasha na kuzima taa za ukumbi, basi anajiona yeye ndiye jua. Amekuja kuutazama ubao wangu kabla hata rangi haijakauka, akauliza kama uko wima. Uko wima! Sakafu ndiyo imelala upande.

Jumanne, 5 Machi

Mkutano wa utaratibu mpya. Nimekaa mstari wa mbele, penseli sikioni, nimevaa ovaroli safi. Mkurugenzi akaanza kwa kuwashukuru wote waliofika. Akashukuru na ambao hawakufika. Ndipo nikamwona Fundi Taa, mlangoni, amebeba ngazi. Ngazi! Anakwenda nayo wapi, mchana kweupe, wakati watu wote wa ukumbi wako mkutanoni? Nikajua tu. Anaufuata ubao.

Nikatoka mbio. Nikakaa chonjo nyuma ya pazia. Fundi Taa akapanda ngazi, akabadilisha balbu, akashuka. Akaniuliza ninafanya nini nyuma ya pazia. Nikamwambia ninapima pazia. Akasema basi twende mkutanoni, kuna mambo ya muhimu. Nikamwambia atangulie, kwa sababu sitaki kuongozana na mtu wa namna ile.

Nilipofika wanakunja viti. Nikamuuliza Fundi Taa kwa ustaarabu kabisa kilichosemwa. Akasema waamuzi wa kila nchi watazipanga nchi nyingine kumi kwa nambari, kuanzia moja mpaka kumi, halafu akaanza kunieleza eti moja maana yake nini. Nikamkata kauli. Mimi wa kufundishwa kuhesabu! Nimepita shuleni. Kumi ndiyo kumi, na nilipata kumi mara moja, katika kuchora.

Jioni nimechora vibao vya nambari. Vya kumi nimevichora vingi, rangi nyekundu, na nimevinakshi pembeni. Vya moja nimevichora haraka haraka, sioni kwa nini nijichoshe kwa watu wa mkiani.

Jumatano, 6 Machi

Waamuzi wamefika! Wamewekwa nyumba ya wageni mkabala na ukumbi. Nchi moja tu bado, treni yao imekwama njiani.

Mpango umenijia nikiwa napiga mswaki. Hawa ni watu kama sisi. Mtu akiombwa vizuri, anatoa. Nikachukua bisibisi, nikaenda kumwambia msimamizi wa nyumba ya wageni kwamba bawaba za milango yote zimelegea. Hazikuwa zimelegea. Nikazilegeza, ili nisiwe mwongo, kisha nikaanza kuzikaza chumba kwa chumba.

Chumba cha kwanza yumo mzee mmoja wa heshima, ana kofia ambayo nadhani analala nayo. Lugha yetu haijui, yake siijui. Nikatoa picha ya shemeji. Nikamwonyesha. Nikajipiga kifua, kuonyesha kwamba ni wa kwetu. Halafu nikanyoosha vidole vyote kumi.

Mzee akashtuka. Akaitazama picha. Akavitazama vidole. Akanyoosha vyake kumi, anauliza kwa nyusi. Nikatikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikalia. Basi yule mzee akavua kofia! Akaweka mkono moyoni, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu sana, macho yamemlowa. Sikuelewa. Mimi nilitegemea anikatalie kidogo, tubembelezane. Lakini mteremko hauhitaji kusukumwa, nikamuinamia, nikaenda chumba kinachofuata.

Kote ni vile vile! Wanashangaa, kisha wananisifu. Mama mmoja wa miwani mikubwa alimwita mkalimani, na mkalimani akaniambia mama anasema nchi yenu ina adabu ya pekee, baada ya yale ya mwaka jana hakutegemea kuona wenyeji wa namna hii. Adabu? Mtu anaomba maksi zote, anaambiwa ana adabu! Labda kwao kuomba ndiyo heshima. Mkalimani akaniuliza kama ombi hili linatoka juu. Nikamwambia linatoka juu kabisa, ni la nchi nzima.

Nchi zote zilizofika, hakuna aliyekataa hata mmoja. Kwa vidole na bisibisi tu!

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu ameniuliza kwa nini ninapiga mluzi. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Shemeji amerudi mazoezini, Fundi Taa amembebea mkoba mpaka mlangoni kwetu. Jana pia. Ana sababu gani ya kuja huku, kama si kupeleleza ubao? Nimempa kiti sebuleni kwa shingo upande, nikakaa naye, sikumwondolea jicho hata akikohoa. Akanywa chai yote. Anaujua wimbo wa shemeji wote, anauimba chini chini wakati wa kukoroga sukari. Mtu wa taa anajifunza nyimbo za nini?

Alipoondoka, shemeji akaniomba nimsikilize kidogo. Alisema mimi peke yangu katika nyumba hii sijausikia wimbo wake, na angependa maoni yangu kabla ya Jumamosi. Nikamwambia nitamsikiliza kwa moyo wote, ila si sasa, rangi ya vibao inakauka vibaya na lazima nivigeuze. Kisha nikamtia moyo. Nikamuuliza yeye mwenyewe anategemea nini. Akasema, kwa sauti ile yake ya upole, kwamba angepata moja hata kutoka nchi tatu au nne, angeshukuru sana.

Moja! Maskini ya Mungu. Nilitoka nje nikafuta machozi kwenye ovaroli. Mtoto hana tamaa kabisa. Nilitaka kumwambia hapo hapo kwamba shemeji yako amekuandalia kumi, kumi, kumi, lakini nikajizuia. Furaha ya ghafla ndiyo tamu.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi ya mwisho. Kuna mbao inalia katikati ya jukwaa, kwa hiyo nilikuwa chini yake na nyundo. Nilisikia miguu ya watu. Nyimbo zote zilinipita juu ya kichwa, sikusikia neno. Nilipotoka shemeji alikuwa amekwisha kuimba na bendi nzima imesimama inampigia makofi. Kiongozi wa bendi, ambaye hajawahi kumsifu hata mama yake mzazi, alikuwa anapenga kamasi. Fundi Taa kule juu alisahau kuwasha taa ya washiriki waliofuata. Uzembe. Nimeuweka akilini.

Mama wa Miwani akanifuata na mkalimani. Ana wasiwasi. Anauliza kama bado tuna hakika na lile ombi, maana msichana anaimba kupita wote, itawauma sana. Nikapigwa na butwaa. Itawauma? Kumpa mtu anachostahili kunauma wapi? Nikafikiri labda wana choyo, wanatafuta njia ya kujitoa. Nikapaza vidole kumi juu ya kichwa changu, nikavirudia mara mbili, uso mkavu. Mama akapumua kwa nguvu, akasema basi, heshima ya mwenyeji ni heshima.

Kichwa kinaniuma kidogo. Watu wa nje ni wazito kuelewa.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike yote kwa mpangilio, huenda mpangilio ukanisaidia kuelewa.

Alasiri ukumbi umefurika. Mimi na suti yangu ya harusi, koti halifungi tena mpaka lipasuliwe mshono wa mgongoni, nikalipasua, kamera ni ya mbele tu. Mke wangu mstari wa tatu, amekumbatia mkoba. Ile nchi ya treni iliyokwama ndiyo kwanza imeingia, waamuzi wake wawili wamepelekwa vitini moja kwa moja na mabegi yao. Sikuwahi kuonana nao! Nikaona niwavizie koridoni, lazima watatoka kunywa maji. Nikasimama pale wakati shemeji anaimba. Hawakutoka. Hakuna mtu aliyetoka. Nilisikia makofi tu, yakaendelea mpaka nikadhani kuna mtu amezimia.

Ikaja saa ya matokeo. Nikapanda. Mtangazaji akaita nchi ya Mzee wa Kofia. Mzee akasimama, akasoma nchi moja moja, nikawa natundika. Akafika kwetu. Akavua kofia, akasema kumi.

Kumi! Nikakitundika kile chekundu chenye nakshi, nikaigeukia kamera na kutabasamu. Ukumbi ukawa kimya. Nikajua wameshikwa na mshangao. Nchi ya pili, kumi. Ya tatu, kumi. Nikaanza kucheza kidogo mabegani. Nikamtafuta shemeji kwenye viti vya washiriki, nikamnyooshea dole gumba. Amejishika mdomo kwa mikono miwili. Furaha. Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa mkoba, na hiyo nayo nikaipokea kama furaha, ana haya tangu zamani.

Kumi, kumi, kumi. Halafu ikaitwa nchi ya treni. Mwamuzi wao, kijibwana kimoja chenye vumbi la safari, kikasimama bila aibu kikasema wenyeji: moja!

Damu ilinipanda. Moja! Kwa msichana anayelala chumba cha uani kwangu! Tumewapokea, tumewapa viti, hawajafungua hata mabegi, moja! Nikajifanya sikusikia. Nikachukua kumi nyekundu, nikaitundika. Mtangazaji akasema hapana, ni moja. Nikasema kumi. Akasema moja. Nikamwambia mbele ya nchi zote kwamba ubao huu ni wangu na moja haitapanda humu. Fundi Taa akashuka ngazi, akaja mwenyewe, akaitoa kumi yangu na kuweka moja. Nikamkata jicho. Alinitazama usoni kana kwamba ananiona leo.

Wakajumlisha. Jumla yetu ilikuwa kubwa kuliko zote, kubwa mno! Nikarusha mikono juu. Nikapiga vigelegele, mwanaume mzima. Mtangazaji akatangaza kwamba wenyeji ni wa mwisho.

Nikadhani amelewa. Nikamfuata Kiongozi wa bendi kumwomba amnyang'anye kipaza sauti. Kiongozi akaniuliza kama nilikuwa kwenye mkutano wa Jumanne. Nikamwambia nilikuwepo, mwanzoni. Akanieleza polepole, anatenganisha maneno. Nambari ni nafasi. Moja ni wa kwanza, kumi ni wa kumi. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi.

Nimejaribu kuuelewa utaratibu huu tangu nilipofika nyumbani. Yaani aliyepata kidogo ndiye aliyepata kingi? Na kumi yangu ya kuchora je?

Jumapili, 10 Machi

Nyumba imepoa. Shemeji amepiga pasi aproni yake ya kwa dobi, ameikunja, ameiweka juu ya meza. Hajasema neno tangu jana. Si hasira. Ni kwamba hasemi.

Nilimweleza mke wangu, ili kumliwaza, kwamba asidhani wageni walimchukia mdogo wake. Zile kumi zote nilizitafuta mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Nilitegemea ataona juhudi. Akaketi kwenye kapu la nguo. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza vidole vingapi. Nikamwonyesha. Akavishika, akavitazama kwa muda, nikaogopa atavikunja upande usiokunjika.

Mchana Kiongozi wa bendi akaja mbio. Habari zake: waamuzi walikuwa kwenye chai ya Mkurugenzi, na Mama wa Miwani akalia kikombe mkononi. Akasema wimbo bora kuliko wote wameuweka mkiani kwa sababu wenyeji waliomba wenyewe, kwa unyenyekevu, wasionekane wamejipendelea kama wale wa mwaka jana. Mkurugenzi akauliza nani aliomba. Wakasema mtu wa ukumbi, wa ovaroli. Mkurugenzi hakumtuma mtu. Kombe limekwisha kwenda kwa wenyewe, hilo halirudi. Lakini kuhusu ajira, amesema, kama huyo mtu wa ovaroli atajitokeza kesho asubuhi na kukiri kwamba hakutumwa na mtu yeyote, waamuzi wataandika upya nafasi waliyotaka kumpa msichana, na kazi itaamuliwa kwa nafasi hizo. Asipojitokeza, ombi litahesabiwa ni la nchi, na yaliyoandikwa yamekwisha andikwa. Keshokutwa wageni wanapanda treni.

Kiongozi aliyasema haya yote akinitazama mimi. Sijui kwa nini, mle ukumbini wenye ovaroli tuko wengi. Fundi Taa anayo, bohari wanazo.

Alipotoka, mke wangu akasema neno moja, niende. Nikamwambia nitakwenda. Kwa nini nisiende? Ila kuna jambo silielewi vizuri. Wageni wanasema ni unyenyekevu wa pekee, wamelia vikombe mkononi. Basi huyo mtu ni wa kuadhibiwa au wa kupewa nishani? Na kukiri kwamba sikutumwa, si ndiyo kujishusha? Nimeanza kuandaa hotuba.

Jumatatu, 11 Machi

Mwizi! Mwizi wa mchana!

Niliamka mapema kabisa. Hotuba ilikuwa nzuri, inaanza na historia ya useremala. Sehemu ya katikati ndiyo ilinichelewesha, palepale ninapoeleza kwamba hakuna aliyenituma, lakini mtu wa busara hujituma kwa niaba ya taifa. Na koti lilihitaji kifungo. Mke wangu alikuwa mlangoni ananiita kwa jina la baba yangu, na anapofikia hapo huwa mambo yamechacha.

Tukafika. Shemeji alikuwa tayari koridoni, aproni kwenye mfuko, maana Kiongozi wa bendi alimwambia apitie kabla ya kwenda kwa dobi. Mlango wa ofisi uko wazi kidogo. Nikachungulia, nikisubiri kimya kizuri cha kuingilia. Ndani wamejaa waamuzi. Mkurugenzi nyuma ya meza. Na mbele ya meza amesimama nani? Fundi Taa!

Nikamsikia kwa masikio yangu.

"Ni mimi. Sikutumwa na mtu. Sikuuelewa utaratibu, nikadhani kumi ndiyo ya juu."

Nilikauka. Mkurugenzi akamwambia hakumtegemea yeye, mtu makini, aliyekaa mkutanoni mpaka mwisho. Akamuuliza mzee wa kofia kama huyu ndiye mtu aliyeingia chumbani kwake. Nikashusha pumzi. Mzee alinishika mkono mpaka ukafa ganzi, atanisahau vipi? Mzee akamtazama Fundi Taa. Akatazama mlangoni, naapa aliniona, tena aliniona vizuri. Akamtazama shemeji aliyesimama nyuma yangu na mfuko wake. Kisha akasema, kupitia kwa mkalimani, ndiye. Na Mama wa Miwani, na wengine wote mmoja mmoja, ndiye, ndiye. Vipofu!

Wakagawiwa karatasi. Wakaandika upya. Mkurugenzi akazisoma kwa sauti: moja, moja, mbili, moja, moja, zikaendelea hivyo. Mke wangu akanishika bega. Mkurugenzi akasema msichana aje asaini, kazi ni yake, mazoezi kesho asubuhi. Fundi Taa naye anatolewa kwenye taa, anakwenda bohari kupanga balbu mpaka ajifunze utaratibu. Yule mtu akasema ahsante! Mtu anaporomoshwa cheo anashukuru. Halafu mzee wa kofia akasimama akamkumbatia. Wakapanga foleni kumpa mkono.

Foleni ile ni yangu! Bawaba zile nilizikaza mimi! Nikasukuma mlango niingie kueleza kwamba wazo lote ni langu, tangu mswaki mpaka vidole, na kwamba niliomba kwa niaba ya nchi nzima. Mke wangu akanivuta koti, kifungo kile kile kikaruka. Nikamwambia aniache, hii ni heshima ya familia inaporwa.

Hapo shemeji akaja mbele yangu, akaurudisha mlango taratibu kwa mgongo wake. Tangu Jumamosi ndiyo mara ya kwanza ananisemesha. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, wimbo wangu unaanzaje?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta. Nikamwambia unaanza vizuri.

Akanitazama kidogo. Akasema Fundi Taa anaujua wote. Kisha akampa mke wangu ule mfuko wa aproni, akaingia kusaini.

Nimekaa na swali hili mchana kutwa. Saa ya kusaini mkataba, unamuuliza mtu habari za wimbo? Na kuujua kwake Fundi Taa kunahusiana nini na haki yangu? Nimemuuliza mke wangu. Ameniambia nile.

Jumanne, 12 Machi

Siku nzuri! Nimejisamehe.

Leo shemeji ameimba na bendi ya redio kwa mara ya kwanza, moja kwa moja hewani, ameimba wimbo ule ule. Mke wangu alialika mtaa mzima, viti vimeazimwa mpaka kwa kinyozi. Nilikuwa na nia kabisa ya kukaa mbele. Ila treni ya waamuzi ilikuwa inaondoka saa hiyo hiyo, na mimi nimekwisha kuuelewa utaratibu sasa. Nimeuelewa mpaka ndani! Awamu ya nne inakuja, shemeji lazima atachaguliwa tena, na hakuna wa kumwandalia mambo kama si mimi.

Nikakimbia stesheni. Nikapita behewa kwa behewa, dirisha kwa dirisha, picha mkononi, kidole kimoja juu. Kimoja! Niliwaonyesha wote, nikahakikisha na wale wa treni iliyokwama wameniona. Mzee wa Kofia alinitazama, akaangua kicheko mpaka kofia ikaanguka relini. Sikuelewa kinachochekesha. Mama wa Miwani naye akanyoosha kidole kimoja, akanionyesha nacho mimi, akasema kitu, lakini injini ilikuwa inapiga kelele. Nadhani alikuwa ananihakikishia.

Nimerudi nyumbani nikakuta watu wanatawanyika, macho mekundu, hata kinyozi. Kwenye kiti changu amekaa Fundi Taa, shati limenyooka pasi, na shemeji, amekwisha rudi kutoka redioni, amekaa karibu naye wanacheka kitu. Nimeuliza anafanya nini hapa wakati ubao uko ukumbini. Mke wangu akamwongeza chai.

Nikauliza kama uimbaji ulikwenda salama. Mke wangu akasema ulikwenda. Akasema pia kwamba baada ya wimbo Mkurugenzi alitangaza hewani: kwa sababu ya mkanganyiko wa safari hii, kuanzia mwaka ujao nambari zinageuzwa, kumi ndiyo ya juu, moja ndiyo ya chini. Alitangaza kwa kurudia, akaomba hasa mafundi wa ukumbi wasikilize.

Mimi sijali matangazo, hayo hubadilika kila siku. Waamuzi nimekwisha kuwaeleza, na safari hii nina hakika wamenielewa.